Kuku Aliyeingia Kwenye Picha

Mjukuu wangu Eliya alikuja likizo mwezi uliopita, na kama ilivyo desturi yake akawa anakula huku simu kaishika mkono wa kushoto. Nilimpakulia wali na samaki wa nazi kwenye sahani ya bati, akaketi kibarazani hapa kwetu Makorora, miguu kainyoosha mpaka kwenye njia ya watu. Anasomea kutengeneza filamu huko Dar es Salaam, masomo ambayo mama yake mpaka leo hajui ayaeleze vipi akiulizwa kanisani. Akaniambia, "Bibi, kuna mzee wa Marekani kafariki, mwongozaji mkubwa mno wa filamu. Dunia nzima inamlilia. Na filamu iliyomtoa, wanasema aliipigia hapa Tanga." Nikamwuliza jina. Alipolitaja nilikiweka kikombe chini. Mtu huyo nilimjua kabla dunia haijamjua. Nilimjua akiwa na shati moja la jeshi lililochakaa kola, hana hakika kama mwezi ujao atakuwa na kazi. Jina lake la ukoo wanawake wa Ngamiani hawakuliweza, wakamwita Bwana Idrisi, naye akaitika mpaka siku aliyopanda meli.

Ya kwetu milimani Usambaa nayaacha, na ya wazazi wangu nayaacha. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha yapata miaka kumi, mimi nina miaka ishirini, nimeshuka Tanga kufundisha wasichana wadogo kusoma. Nilipanga chumba Ngamiani kwa mjane mmoja aitwaye Bi Mize. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo na dirisha moja lililotazama uani, kwa hiyo kila kilichopikwa, kilichosemwa na kilichogombewa uani kilipita kitandani kwangu kwanza. Nilikuwa Mlutheri niliyezoea viazi na maharage, nisiyejua papa ni samaki wa kuliwa. Bi Mize alinifundisha kila kitu kwa kunicheka. "Wewe Mshambaa," akinitazama nakuna nazi, "hiyo nazi imekukosea nini? Iguse taratibu, bado twaitaka." Nilikasirika mara mbili tatu, kisha nikazoea, na baada ya miezi miwili akikaa kimya bila kunitania nilikuwa namwuliza kama anaumwa. Leo nikikuna nazi bado nasikia sauti yake, na bado sijui kuikuna vizuri.

Kila jioni Bi Mize alipakua sahani tatu. Yake, yangu, na ya tatu ilikuwa sahani ya bati nyeupe yenye mdomo wa buluu, imebanduka rangi upande mmoja. Hiyo aliipakulia kwanza kabla yetu sisi, na kipande cha samaki kilichonona kiliwekwa humo. Aliifunika kawa akaiweka juu ya ubao ukutani. Wiki ya kwanza nilidhani kuna mpangaji mwingine achelewaye kazini. Nilipouliza akanijibu, "Ya Hamisi." Hamisi alikuwa mwanawe wa pekee. Alichukuliwa jeshini akapelekwa vita vya Bama, yaani Burma, kupigana na Wajapani, na vita vilipokwisha wenzake walirudi, wengine na medali, wengine na mguu mmoja, yeye hakurudi wala haikuja barua. Shemeji zake Bi Mize walitaka isomwe hitima, aliwafukuza na mchi wa kinu mpaka barabarani. Aliwaambia, "Mmemwona maiti? Basi mwanangu yuko safarini." Asubuhi, chakula kilicholala aliwamwagia kuku, na kulikuwa na kuku mmoja mwekundu, shingo tupu haina hata unyoya, aliyekwisha kuijua saa yake. Akimwona Bi Mize kaketi chini, atavuka ua mzima bila kumwogopa mtu, aje asimame magotini pake kungoja riziki ya Hamisi.

Wamarekani walikuja wakati shule zimefungwa. Walipanga nyumba kubwa Raskazone, na mwalimu wetu mkuu akanituma kwao niwe mkalimani, kwa kuwa Kiingereza changu cha misheni hakikuwa kibaya. Sebule yote ilijaa masanduku ya chuma, nyaya na taa zenye vichwa vikubwa, na katikati ya vurugu hiyo mpishi wao, Athumani, alitandika meza kwa vitambaa vyeupe kila mchana kana kwamba gavana anakuja. Bwana Idrisi hakuwahi kuketi. Alikula mkate wa kumimina kwa kusimama, kipande baada ya kipande, akizunguka meza na kumwuliza kila mtu maswali. Aliniuliza Washambaa wanasalimianaje, wakwe wanaogopana kiasi gani, mwanamke akitaka kununa anakaa wapi ndani ya nyumba. Nilijibu nikidhani ananidhihaki, mpaka nilipomwona anaandika. Sijapata kukutana tena na mtu anayesikiliza namna ile, kama mtu mwenye kiu.

Siku moja nilikuwa kwenye kibaraza cha nyuma nikisubiri gari, nikamsikia akizungumza na mzee wake wa kamera. Sikukusudia kusikiliza, lakini madirisha ya nyumba zile hayafungwi kwa joto. Alisema filamu yake ya kwanza watu waliiacha katikati wakatoka nje, na kwamba kampuni imeleta simu ya maandishi, wanamtaka arudi mwisho wa wiki, amalize asimalize. "Baba ana duka la viatu," akasema. "Mpaka leo hajaajiri mtu wa kaunta. Nafasi ile ananiwekea mimi." Mzee akacheka, yeye hakucheka. Nilimhurumia sana. Nafikiri ndiyo siku niliyoanza kuutaka ushindi wake kama wangu, na hapo ndipo kosa langu lilipopata mlango.

Filamu ilihusu shamba la mkonge. Mkata mkonge mmoja anakufa kazini, na mwenye shamba anakwenda kwa mara ya kwanza nyumbani kwa mfanyakazi wake, anakuta wanawake wanalia. Bwana Idrisi alisema bila kilio kile hakuna filamu. Nikamtafutia ua, ua wa Bi Mize, na nikamtafutia wanawake, majirani zake. Walikuja wamejitanda kanga, wamejipaka wanja, wamefurahi kama waendao harusini. Marehemu alikuwa kijana mcheshi wa Mombasa aitwaye Salumu, aliyelazwa kitandani kafunikwa shuka jeupe. Taa zikawashwa, Bwana Idrisi akanyanyua mkono, nami nikawaambia, "Haya, lieni." Hakulia mtu. Wanawake wakatazamana. Ndipo Mwanjaa, jirani wa ukuta mmoja na sisi, aliposema, "Mwalimu, huyu si mzima huyu? Twamwona apumua. Kumlilia mtu mzima ni uchuro. Akifa kesho, nani atakayejibu?" Salumu naye kusikia hivyo akaruka kitandani na shuka lake, akasema hata yeye hataki, mama yake yu hai na hajamruhusu kufa.

Nilimfasiria Bwana Idrisi. Hakukasirika. Aliuliza uchuro ni nini, nikamweleza kuwa ni kuuita msiba kwa mdomo wako mwenyewe, akaketi juu ya sanduku akafikiri. Akaagiza gogo la mgomba lifunikwe shuka badala ya mtu. Hilo ndilo lililotumaliza. "Niulilie mgomba mie?" Mwanjaa akasema. "Na kesho nikipita shambani niupe pole?" Kicheko kilichoanza hapo hakikupatiwa dawa. Kila mkono wa Bwana Idrisi ukinyanyuka, mmoja anabanwa, wa pili anapasuka, mpaka mzee wa kamera akazima taa na kusema anakwenda kuoga. Wanawake walipokwisha kutawanyika, Bwana Idrisi alibaki uani peke yake na gogo lake. Bi Mize alimletea kahawa. Akalitazama lile shati la jeshi, akaniambia, "Muulize. Kapigana Bama?" Nikauliza. Akajibu kuwa alipigana huko huko Mashariki ya mbali, lakini visiwani, hakufika Bama. Mimi nilimfasiria Bi Mize nusu ya kwanza. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nimechoka na nusu ya pili niliiona haina maana. Bi Mize alitikisa kichwa taratibu akampa kahawa ya pili bila kuombwa.

Kesho yake asubuhi wanawake waliorudi walikuwa wachache, na Bi Mize mwenyewe akakubali kuketi mbele, kwa kuwa ua ni wake na aibu ya jana ilikuwa ya nyumba yake. Bwana Idrisi aliondoa kitanda, akaondoa mgomba, akabakiza mkeka tu. Akachuchumaa karibu na kamera akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie amfikirie mtu yeyote aliyeondoka. Yeyote. Asilie kama hataki." Hayo ndiyo aliyosema, nayakumbuka neno kwa neno. Nikaenda mpaka sikioni pa Bi Mize. Nilikuwa nalifikiria duka la viatu. Nikamwambia, "Mama, Bwana anasema umlilie Hamisi."

Alinigeukia, kisha akamtazama Bwana Idrisi, uso wake, shati lake la jeshi, uso wake tena. "Kasema yeye?" Nikaitikia kwa kichwa. "Alikuwako huko?" Niliona jambo linamwingia na nikajua ni jambo gani, kwamba anamtazama mwanajeshi aliyetoka vitani Mashariki na ujumbe alioukawiza miaka kumi, na bado ningeweza kusema neno moja tu nikalizuia. Sikulisema. Nilirudi nyuma, nikampisha.

Bi Mize hakupiga kelele. Alianza kwa kukunja pindo la kanga, akalikunja na kulikunja, kama afungaye kitu asichotaka kimwagike. Halafu akaita, "Hamisi." Akaita kama aitavyo mtoto aliye uani chakula kikiwa tayari. "Hamisi, we Hamisi. Wali umepoa, baba." Kisha mwili wake wote ukaanguka mbele. Mwanjaa alitoa ukelele, na safari hii haukuwa wa kuigiza, kwani wote walimjua Hamisi, wengine walimnyonyesha, na wote walikuwa wamekizuia kilio kile miaka kumi kwa kumheshimu mama yake. Ua mzima ulilia. Mimi nililia. Na katikati ya kilio hicho, kwa kuwa Bi Mize kaketi chini na ni asubuhi, yule kuku mwekundu mwenye shingo tupu akatoka nyuma ya jiko, akavuka mbele ya kamera kwa mwendo wake wa kudai haki, akasimama magotini pake akamtazama.

Mzee wa kamera alitukana. Kuku ameharibu, akasema, kuku amekaa katikati kabisa. Bwana Idrisi naye macho yalikuwa mekundu, lakini kazi ni kazi, akanifuata. "Mwombe mara moja zaidi," akasema. "Bila kuku." Nikamjibu, "Hapana." Akasema, "Muulize kwanza." Nikasema, "Simuulizi. Amemaliza." Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza na sijawahi kumjibu mzungu hivyo. Alivua kofia, akawaambia watu wake wafungashe vyombo.

Jioni ile niliogopa kutoka chumbani. Niliposikia mwiko kwenye sufuria nilihesabu kwa masikio, sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikafarijika kijinga, nikadhani mambo yamebaki vile vile. Nikatoka. Kawa lilikuwa limetundikwa ukutani. Bi Mize aliisukuma mbele yangu sahani yenye mdomo wa buluu, imejaa, kipande kilichonona juu yake. "Kula," akasema. "Mwenyewe haji." Sijawahi kula chakula kigumu kama kile. Nilikila chote mpaka punje ya mwisho, naye akanitazama, kisha akaingia ndani kulala na jua bado halijazama vizuri.

Kesho yake nilikwenda Raskazone nikamwambia Bwana Idrisi kila kitu, jina nililomtilia kinywani na ile nusu ya Bama niliyomficha Bi Mize. Alikuwa ameshika mkate, akaurudisha mezani. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwambia mwanawe amekufa," akasema. Nikasema ndiyo. "Na mimi sijui kama amekufa." Nikasema hakuna ajuaye. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza ningepumua. Bi Mize aliposoma hitima wiki ile, Bwana Idrisi alikuja na mfuko wa sukari, akaketi mkekani na wanaume, amekunja miguu mpaka ikafa ganzi, akashindwa kunyanyuka ubani ulipokwisha kuzungushwa. Shemeji wa Bi Mize, wale wa mchi, ndio waliomshika mikono wakamsimamisha. Siku mbili baadaye walipanda meli. Aliniaga kwa kunipa mkono, akasema labda ataniandikia. Hakuandika, nami sikumngoja sana.

Mwisho wa mwaka nilihamishiwa Korogwe. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimebeba maneno yangu kifuani, najaribu kuyatoa kila jioni na kila jioni nayameza na mchuzi. Bi Mize alinisindikiza stesheni na kikapu, ndani mna vitumbua na kitu kilichofungwa kwenye kanga. Treni ilipopiga honi ya kwanza ndipo nilipoweza kusema. "Mama, siku ile, yule Bwana hakulitaja jina la Hamisi. Mimi ndiye…" Hakuningoja nimalize. "Mwanangu," akasema, "mzungu wa watu angemjulia wapi Hamisi? Nilijua pale pale ulipoitikia na kichwa, maana wewe ukisema uongo huangalia miguu." Nikamwuliza mbona alilia. Alikitengeneza kitambaa changu cha kichwa, ambacho hakikuwa na kasoro. "Nilichoka kumfukuza kila mtu," akasema. "Nilikuwa nataka mmoja akatae kufukuzika." Kisha akanicheka kwa jinsi nilivyokuwa nalia mbele ya abiria, akasema Washambaa hatujui hata kulia, twakwangua tu. Niliikuta ile sahani kwenye kanga tulipokwisha kuvuka mto.

Filamu ilifika Tanga baada ya miaka miwili. Korogwe hatukuwa na sinema, na mimi nilikuwa na mtoto mchanga. Bi Mize alikwenda onyesho la wanawake la mchana, akaniletea salamu kwa mtu wa kijiji changu, "Mwambie Naemi kuku wangu katokea vizuri kuliko sisi sote." Alifariki mvua za mwaka uliofuata. Maisha yakaenda, na filamu sikuitafuta tena.

Sasa Eliya alikuwa ananisomea kwenye simu. Kumbe baada ya hapo mtu wetu alitengeneza filamu nyingi, akapewa tuzo mpaka akaacha kwenda kuzichukua. Kuna maprofesa wameandika juu ya yule kuku, kwamba ni maisha yanayoendelea bila kujali kifo, na kwamba kumweka pale ilikuwa akili ya hali ya juu. Nilicheka mpaka Eliya akaniletea maji. Kisha akanisomea mahojiano ya mwisho, alipoulizwa kwa nini katika kazi yake yote hajawahi kumrudisha mwigizaji kulia mara ya pili, hata picha ikiharibika. Alijibu, "Kuna binti alikuwa mkalimani wangu Afrika. Nilimwambia turudie, akanikatalia. Alikuwa na haki kuliko mimi, na jina lake limenitoka." Basi, kwa maisha yangu yote nimekumbukwa kwa hapana moja, tena bila jina. Nimeridhika nayo.

"Hii hapa, Bibi, ndiyo yenyewe," Eliya akasema, akanisogezea simu huku bado anatafuna. Ua ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Mkeka ule ule. Bi Mize anakunja pindo la kanga, ni kijana kuliko mimi nilivyo leo, angeweza kuwa binti yangu. Nilikuwa na hofu kwamba wameweka muziki juu yake, lakini hawakuweka kitu. Sauti ilitoka nyembamba kwenye kile kisimu, ikasikika mpaka barabarani. Hamisi. We Hamisi. Kuku akavuka.

Eliya alisimamisha picha. "Huyo marehemu kwenye hadithi anaitwa jina jingine kabisa," akasema. "Hamisi ndiyo nani?"

"Mwenye hiyo sahani," nikamwambia.

Aliitazama sahani mapajani mwake, mdomo wake wa buluu, upande uliobanduka rangi, wali aliokuwa ameubakiza nusu. Akautoa mkono polepole kama aliyeshika kitu cha watu. Nikaisukuma sahani nikamrudishia.

"Kula, baba," nikamwambia. "Mwenyewe haji."